Amelala, Baba

Mei 1, Jumatatu
Ninaandika kwenye daftari la wageni kwa sababu wageni wenyewe hawapo. Leo bahari ya Timbó imefungwa. Aldeci, nahodha wa mtumbwi, amechomeka bendera nyekundu ncha zote mbili za ufukwe, na kuanzia leo hadi Julai 10 hakuna ubao wa kuteleza juu ya mawimbi kuingia majini. Maji ni ya mikizi sasa, samaki wanaopita kwa makundi. Wakija wakisikia watu wanapigapiga mikono, wanageuza na kwenda kwa majirani zetu wa Rio das Conchas, na sisi tunabaki na juya, ule wavu wetu wa kuvuta, likiwa kavu.

Baba amepanda mwambani kabla ya jua na koti lake la kahawia lililotoboka kiwiko. Huu ni msimu wake wa arobaini na moja wa uangalizi. Akiona wingu jeusi la samaki anapunga koti, mtumbwi unasukumwa majini, halafu kwa koti hilohilo anawaelekeza wapiga makasia: kushoto, kulia, zungukeni. Wale wanaume huku chini hawaoni chochote isipokuwa koti.

Nimempelekea chupa ya kahawa. Amesema imepoa. Haikuwa imepoa.

Mei 3
Mvua. Hakuna kitu.

Mei 6, Jumamosi
Jussara amerudi kutoka mjini, ubao mgongoni. Binti yangu ana miaka kumi na tisa na hajawahi kufika nyumbani bila kuwa na njaa na jambo. Njaa nimeimaliza kwa samaki na pirão, uji mzito wa muhogo. Jambo ndilo hili:

"Mama, Agosti kuna mchujo wa timu ya kuteleza. Wanachukua wanne tu jimbo zima."

"Hongera. Sasa mimi nifanyeje?"

"Mawimbi ya kujifunzia ni ya sasa hivi. Yakija mengine ni mwakani."

"Bahari imefungwa. Unajua vizuri, umezaliwa hapa."

"Imefungwa na watu wa Aldeci."

"Na mtu wa kwanza wa Aldeci ni babu yako, mwanangu. Kula."

Akala. Lakini Jussara akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Mei 10
Ajabu, wageni. Wanne kutoka São Paulo, wametembea saa moja na nusu kwenye kijia cha msituni na mbao zao bila kusoma kibao kikubwa pale mwanzoni. Kiongozi wao anaitwa Ivete, ana mabega mapana na adabu nzuri. Amesimama kibarazani anatazama ufukwe akaniambia, "Mama Dorvalina, sijawahi kuona mahali kama hapa. Hakuna barabara, hakuna hata kibanda cha bia."

"Na hakuna kuteleza mpaka Julai."

Amecheka akidhani ninamtania. Baadaye wameamua kubaki hivyohivyo, eti wapumzike. Nimewapa vyumba viwili vya nyuma.

Mei 14, Jumapili
Nyuma ya tangi la maji nimekuta nguo ya mpira ya Jussara imeanikwa, inachuruzika. Na saa mbili asubuhi mwenyewe alikuwa mezani anapiga miayo kama aliyetoka kuamka.

Nimeelewa mara moja. Wanaingilia ncha ya kaskazini, nyuma ya ukuta wa mawe, yeye na wale wageni, kabla jua halijatoka vizuri. Kutoka banda la mashua huwezi kuona kule. Ni kutoka mwambani tu kunapoonekana, na mwambani yuko baba.

Sasa niandike kitu ambacho sijamwambia mtu. Baba haoni vizuri. Juzi alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Ijumaa nilimuuliza meli iliyokuwa inapita ni ya rangi gani, akanijibu, "Ya rangi ya meli." Hivyo nimejiambia: ncha ya kaskazini ni mbali, hataona. Na asipojua, hana cha kuchagua. Maana desturi yetu ni hii: nyumba itakayovunja mwiko wa maji hutolewa kwenye kamba ya juya, isivute wala isigawiwe samaki, msimu mzima, na ikiwa ni nyumba ya mwangalizi, mwangalizi hushuka mwambani. Mzee wa miaka sabini na minne umshushe umpeleke wapi?

Ningeweza kumkataza Jussara. Lakini nilipokuwa na umri wake niliomba kukaa mwambani na baba nijifunze kuona samaki, akaniambia mwamba si mahali pa msichana, nami nikameza. Bado ninalisikia neno hilo kooni. Sitaki binti yangu ameze.

Mei 15
Jioni, anavua viatu, baba ameuliza, "Msichana yuko wapi asubuhi? Simwoni akija kuniamkia."

"Amelala, baba."

"Haya."

Mei 16
"Msichana?"
"Amelala, baba."

Mei 21, Jumapili
Leo koti limepungwa. Nilikuwa ninachambua maharage nikasikia watu wanakimbia, nikatupa ungo. Mtumbwi ulikuwa umeshazunguka. Kijiji kizima kikashika kamba, kwa sababu sheria yetu ni moja na haijaandikwa popote: aliyeshika kamba, hata mtoto, hata mgeni aliyepotea njia, haondoki bila samaki. Mikizi mia tatu na kumi, wanarukaruka ndani ya juya kwa hasira. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Hata Ivete alivuta mpaka viganja vikachubuka, na Laurita, mke wa Aldeci, akampa jike lililojaa mayai.

Kundi lilikuwa dogo na lilipita mbali kidogo. Nashangaa baba aliliona vipi. Labda bahati.

Mei 27
Hakuna kitu. Mawimbi makubwa, mazuri. Jussara amejikata mguu kwenye mwamba akaniambia ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yetu haina ngazi.

Juni 2, Ijumaa
Aldeci amekuja kunywa kahawa na uso umekunjamana.

"Mara mbili wiki hii samaki wamefika karibu wakageuka," amesema. "Kuna kitu kinawashtua kule kaskazini. Mzee Osnildo, wewe huoni kitu?"

Baba akapuliza kahawa yake taratibu. "Pomboo."

"Pomboo kila siku?"

"Pomboo wana njaa kila siku, Aldeci. Kama wewe na kahawa ya binti yangu."

Wamecheka. Mimi nimekimbilia jikoni. Maskini macho ya baba, anaona watu wazima wamelalia mbao na anasema pomboo. Nimeona aibu kwamba nilifurahi.

Juni 6
Wageni wameondoka. Ivete ameandika hapahapa, ukurasa wa nyuma: "Ufukwe ambao haujaguswa." Nimesoma nikafunga daftari.

Juni 8, Alhamisi
Jussara ana homa. Mwili wa moto, meno yanagongana. Nimempa chai ya tangawizi na asali, nimemfunika blanketi mbili. Ameniambia, "Mama, kesho siendi." Hilo ndilo neno la kwanza la ukweli kuhusu habari hiyo ndani ya nyumba hii. Nimemfuta uso kwa kitambaa na sikumuuliza zaidi.

Juni 9, Ijumaa
Nitaandika yote.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, baridi ya kuuma masikio. Baba alipita jikoni kuchukua chupa yake. Alikuwa amevaa koti tayari.

"Msichana?"

"Amelala, baba."

Alinitazama kidogo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Haya," akasema, akatoka.

Saa nne nilikuwa kwenye banda la mashua pamoja na wengine, simu ya Laurita ikalia. Dada yake ameolewa Rio das Conchas. Sisi tulisikia kelele kwenye simu kabla hatujasikia maneno: watu wanapiga mayowe, wanaimba. Wamezungusha kundi ambalo hata wazee wao hawajawahi kuona. Walikuwa wanavuta tangu saa mbili na bado juya halijafika mchangani. Na dada mtu akasema bila ubaya wowote, kama mtu anavyotoa habari njema, "Wametoka kwenu. Mwangalizi wetu amewaona wakikata ncha yenu ya kaskazini saa moja na robo, wamekaa pale kama nusu saa, bahari nyeusi. Tulisubiri muwachukue, hamkuja."

Banda zima lilisikia. Aldeci alikuwa anapaka mtumbwi mafuta. Aliweka kitambaa chini akaanza kupanda kwenda mwambani, na wanaume wote nyuma yake, na mimi nyuma ya wanaume.

Baba alikuwa ameketi kwenye jiwe lake, koti mapajani. Chupa ya kahawa hajaifungua.

"Osnildo," Aldeci alisema. Hakusema Mzee. "Saa moja na robo, ncha ya kaskazini. Hukuona kitu?"

Baba aligeuza uso kuelekea kaskazini. Ukungu ulikuwa umeshainuka, maji ni ya buluu tupu mpaka mwisho wa macho.

"Sikuona," alisema.

"Nusu saa walikuwa pale!"

"Nimekwambia sikuona. Macho yamezeeka."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Nézio, mpiga kasia wa mbele, mtu mzima mwenye mke na wajukuu, aligeuka akatazama upande mwingine akajifuta macho. Samaki wale ni akiba ya chumvi ya miezi mitatu ya kila nyumba hapa, ni mayai ya kukausha, ni kitoweo cha Julai mvua zikiua kila kitu. Aldeci alinyoosha mkono. Baba alitazama ule mkono, akaelewa, akampa koti.

Tulishuka pamoja, mimi na yeye. Nilitaka kumshika kiwiko akautoa mkono wangu. Alishuka mawe yote bila kujikwaa hata mara moja, na mimi nikajikwaa mara mbili.

Jussara bado alikuwa chini ya blanketi, jasho limemlowesha. Aliuliza kelele zilikuwa za nini.

Juni 10
Elfu nane na mia mbili. Rio das Conchas wamemaliza kuhesabu leo.

Juni 12
Mwangalizi mpya ni Laudelino, mpwa wa Aldeci. Ana simu nzuri na koti la baba linamfika magotini.

Juni 15
Laudelino amepunga koti, mtumbwi umezunguka, wamevuta kwa nguvu zote. Mwani. Mzigo mzima wa mwani na kiatu kimoja. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikalia.

Baba anakaa kibarazani ameipa bahari mgongo. Jioni haulizi tena msichana yuko wapi.

Juni 20, Jumanne
Nimempeleka mjini kwa daktari wa macho. Alikataa, nikamwambia nitambeba, akakubali kwa sababu anajua ninaweza.

Daktari ni kijana mpole. Amesema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, limeiva, litahitaji kupasuliwa. La kulia ni zuri kwa umri wake. "Kwa hili la kulia," alisema, "mzee anaweza kumwona ndege akitua kwenye kisiwa cha mbele."

Basi limetuchukua saa mbili kurudi. Halafu kijia cha msituni. Nilikuwa ninarudia kichwani: kundi dogo la Mei aliliona. Mawe ya mwambani alishuka bila kujikwaa. Pomboo.

Juni 21, Jumatano
Nimemngoja amalize kula.

"Baba, uliona."

"Niliona nini?"

"Tisa Juni. Daktari amesema jicho lako la kulia halina ugonjwa."

Alichukua unga wa muhogo kidogo kwenye vidole akaurudisha bakulini. Alivyofanya hivyo nilijua ataniambia.

"Niliona weusi," alisema. "Ncha ya kaskazini, pale pale. Kuna ukungu, jicho ni moja, weusi unasogeasogea. Kitu kikaruka, nikadhani ni ubao umemponyoka. Nikasema, ni yule msichana na wale wageni wake."

"Wageni walishaondoka."

"Nani aliniambia? Mimi nakaa mwambani, habari za vyumba ni zako."

"Ulimwona tangu lini, baba?"

"Tangu siku ya kwanza. Anaingia mguu wa kushoto mbele, kama bibi yake alivyokuwa akivuka mto. Wengine wote sikuwajua, yeye nilimjua." Akafuta unga vidoleni. "Ningepunga koti, mtumbwi ungemkuta. Ningeshuka nikawaambia, wangemtoa kwenye kamba na wewe pia. Nikawa ninaona ninanyamaza. Kila siku weusi pale, kila siku ninanyamaza. Siku ya tisa ukaja weusi nikanyamaza kama kawaida."

"Siku ya tisa alikuwa na homa. Alikuwa amelala." Sauti yangu ilikuwa imepanda. "Nilikuambia jikoni. Nilikuambia, amelala, baba."

"Umeniambia amelala tangu Mei," alisema.

Hakuinua sauti. Alisogeza bakuli akaenda kulala. Njia ya mwongo fupi, husema watu. Yangu ilichukua wiki nne, na asubuhi niliyosema kweli ndiyo iliyowapotezea watu wote samaki.

Juni 22
Nimemwambia Jussara. Amekaa kwenye kizingiti cha mlango mpaka kiza. Anataka kwenda kwa Aldeci. Baba amemsikia kutoka ndani akasema, "Usithubutu. Kipofu wanamhurumia. Mwangalizi aliyeficha, hapana."

Juni 29, Alhamisi. Mtakatifu Petro
Mtumbwi umebarikiwa, umepambwa maua ya karatasi, halafu chakula kikawa bandani. Baba alikuja kwa sababu ni sikukuu ya wavuvi na hajawahi kuikosa. Walimpa nafasi nzuri karibu na moto. Nézio alimmiminia mchuzi. Kila mtu anamzungumzisha kwa sauti kubwa, kana kwamba macho ndiyo masikio.

Laudelino akaona aanzishe utani. "Mpeni Mzee Osnildo vichwa. Ale macho ya samaki, labda yatamsaidia kuona."

Wakacheka. Baba naye akacheka, akanyoosha bakuli lake apewe kichwa. Ule mkono ulionyooshwa sikuweza kuuvumilia.

"Baba yangu si kipofu," nilisema. Sikujua nimesimama. "Binti yangu alikuwa anaingia majini kaskazini mwezi mzima. Mimi nilijua. Baba alimwona akamficha, na mimi nilimdanganya kila siku kwamba hayupo majini. Siku ya kundi kubwa hakuwepo, na baba hakuweza kuniamini. Kama kuna mtu wa kushushwa, ni mimi, na mimi sikuwahi kupandishwa popote."

Jussara alikuwa mlangoni na sufuria ya wali. Aliiweka chini akaja kusimama karibu nami.

Aldeci aliweka kijiko. "Osnildo. Ni kweli?"

"Huyu mwanamke anaongea sana."

"Nimekuuliza wewe."

Baba alitazama bakuli. "Niliona weusi. Nikadhani ni mjukuu wangu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wamefahamiana miaka sitini hawa. Walijifunza kuogelea wameshikana mikono. Aldeci alimtazama kwa muda mrefu, na nilipokuwa ninangoja hasira, sikuiona.

"Basi ndio upofu wenyewe huo," alisema.

Hakuna aliyefanya utani tena. Tulikula tukaondoka mapema, sisi watatu.

Julai 5, Jumatano
Laudelino amepata kundi la kweli, mikizi mia na arobaini. Tulisimama mchangani, mimi na Jussara, tuliotolewa kwenye kamba, mikono imefungwa kifuani, kamba inapita mbele ya miguu yetu. Laurita alipita na kikapu akatusalimia, akauliza kama homa ya msichana iliisha, akaendelea na kikapu chake. Alifanya sawa. Mimi pia ningefanya hivyo, ila nisingeuliza homa.

Julai 7
Baba haongei nami. Leo tu, nikimfunga vifungo vya shati, amesema, "Walikuwa wananishika mkono wakiniona njiani. Sasa wananiamkia kwa mbali."

Nimemwambia anisamehe. Amesema vifungo vimepishana.

Julai 10, Jumatatu
Bendera zimeng'olewa. Msimu mzima, makundi manne madogo. Mtumbwi umerudishwa bandani na kufunikwa.

Julai 11, Jumanne
Kabla ya saa moja kijia kilikuwa kimejaa watu wa mbao, vyumba vyangu vyote vinne vimechukuliwa, wengine wamelala kibarazani. Bahari ilikuwa safi, mawimbi marefu yanavunjika kutoka kulia bila haraka. Jussara alikaa jikoni na nguo yake ya mpira mapajani, haivai. Baba akatokea amevaa sweta, bila koti.

"Wewe unangoja nini?" alimwambia. "Imefunguliwa."

"Babu, mimi..."

"Agosti haikungoji. Nenda."

Akaenda. Kisha baba akaniambia nimpeleke mwambani. Miaka hamsini na miwili nimeishi chini ya mwamba ule na hajawahi kusema neno hilo.

Tulipanda polepole. Alisimama pale anaposimama siku zote, mkono juu ya jicho zuri. Chini kulikuwa na watu arobaini, labda hamsini, wote wamevaa nyeusi, wote wamelalia mbao wanangoja wimbi, wametapakaa mpaka ncha ya kaskazini.

"Msichana yuko wapi?" aliuliza.

Nilitafuta. Nilitafuta mguu wa kushoto mbele, nilitafuta nywele, nilitafuta ubao wenye mstari wa njano. Jua lilikuwa linapiga maji moja kwa moja. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, yule pale, baba, wa tatu kutoka mwisho. Lingemfurahisha, na hakuna ambaye angejua.

"Sijui, baba," nilisema. "Simwoni."

Aliendelea kutazama.

"Hata mimi," alisema, akasogea kwenye jiwe lake nipate pa kukaa.